Peugeot 404 na 504: tazama chini ya gari

Ukitaka kuwasha mjadala usioisha baina ya madereva wa zamani, iwe Morogoro, Moshi au Nakuru, uliza swali moja tu: kati ya Peugeot 404 na Peugeot 504, ipi ilikuwa gari zaidi? Wa 404 atakupa habari za Safari Rally na injini isiyokufa. Wa 504 atakutajia mwendo, nafasi, na jinsi ilivyokuwa ikitulia barabarani ikiwa imejaza abiria ndani na magunia juu ya keria. Mwishowe wote wawili watainua boneti na kukuonyesha injini, kana kwamba jibu limelala pale.

Hapo ndipo nisipoafikiana nao. Nimeziendesha zote mbili, na nimelala chini ya zote mbili nikimshikia fundi taa. Kwa maoni yangu kinachoyatenganisha magari haya kiko kwenye springi, ekseli ya nyuma na breki. Ukitazama injini peke yake utaona ndugu wa tumbo moja, na utabaki kubishana nani mrefu kumshinda mwenzake.

Lakini tuanze na injini hiyo hiyo, maana ndiyo inayobebeshwa ubishi. Peugeot 404 ilitoka Mei 1960. Umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia, kampuni iliyochora pia Austin Cambridge ya wakati ule, ndiyo maana mtu akiziona kwa mbali huzichanganya. Chini ya boneti kuna injini ya petroli ya silinda 4, cc 1618. Kipenyo cha silinda ni milimita 84, na pistoni husafiri milimita 73. Bloku ni ya chuma, silinda hedi ni ya aluminiamu, na vyumba vya kuchomea mafuta vina umbo la nusu tufe. Injini yote imelazwa ubavu kwa nyuzi 45. Anayeiona mara ya kwanza hudhani kuna mtu ameiegemeza pale na hajamaliza kuifunga. Ndivyo ilivyokusudiwa: boneti ishuke, na uzito nao ushuke.

Miaka minane baadaye, 1968, ikaja 504. Nayo ilichorwa Pininfarina, nayo injini yake imelazwa nyuzi 45, safari hii cc 1796. Soma vipimo vyake: kipenyo cha silinda milimita 84, mwendo wa pistoni milimita 81. Yaani tundu la silinda ni lile lile la 404. Kilichobadilika ni pistoni kuongezewa milimita 8 za kupanda na kushuka. Baadaye kidogo ikaja injini ya cc 1971, na hapo ndipo tundu lenyewe likapanuliwa hadi milimita 88, mwendo ukibaki 81. Kwa hiyo anayesema injini ya 504 ni kitu kingine kabisa, na anayesema injini ya 404 ilikuwa na siri ambayo 504 haikurithi, wote wawili vipimo vinawakataa. (Ukigawa 1618 kwa 4 unapata 404 na nusu, yaani kila silinda inabeba karibu cc 404. Ni sadfa, kwa kuwa Peugeot walikuwa wakitaja magari yao kwa ukoo na kizazi, sifuri katikati; ila ni sadfa inayopendeza.)

Kitu kimoja kwenye injini hizi kinastahili sifa zote wanazoipa wazee, nacho ni laina. Kwenye injini nyingi za zama zile, silinda zikilika, bloku nzima ilibidi ishushwe na kupelekwa kwenye mashine ya kuchonga, na mashine hizo zilikuwa mijini tu. Ya Peugeot haichongwi. Laina ni mabomba ya silinda yanayochomoka, na maji ya rejeta yanazipita kwa nje. Fundi anaondoa silinda hedi, anang'oa laina kuukuu, anasafisha mahali zinapokalia kwenye bloku, anaweka mpya pamoja na pistoni zake, anafunga. Nimeona kazi hiyo ikifanyika chini ya mwembe, sehemu zikiwa zimepangwa kwenye turubai kwa mpangilio wa kutoka. Mzee aliyekuwa akiifanya alinifundisha kitu ambacho sijakisahau. Aliweka laina mpya, akapitisha kidole kwenye ukingo wake wa juu, akaniambia, "Mwanangu, leta mkono. Unasikia imeinuka kidogo kuliko bloku?" Nikasema nasikia, nikaona vibaya kumsumbua kwa maswali mengi. Akaendelea mwenyewe: ikiinuka kidogo gasketi inabanwa sawasawa, ikizama, maji yatapita, na wiki mbili tu utarudi na oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Alipima kwa kidole kwanza, kisha kwa fila geji, kile kipimo cha vibati vyembamba, na kidole hakikumwangusha.

Laina hizo zipo kwenye 404, na zipo kwenye 504. Ipo pia feni yenye klachi ya umeme, inayojiunga yenyewe injini ikipata joto na kujitenga ikipoa, jambo la maana sana kwa gari la 1960. Mwanzoni krenki ya 404, shafti inayozungushwa na pistoni, ilishikwa na beringi kuu 3; katikati ya miaka ya 60 wakaongeza zikawa 5, na 504 ikazaliwa nazo 5. Basi ukinunua 404 ya miaka ya mwisho, kwa upande wa injini umenunua karibu 504.

Sasa namba za nguvu, ambazo ndizo zinazowapotosha wengi. Vijitabu vya matangazo vya miaka ya 60 vilitaja nguvu za farasi kwa kipimo cha SAE, ambapo injini ilipimwa mezani ikiwa imevuliwa vitu vingi: haina feni, haina ekzosi yake kamili. Kipimo cha DIN cha Wajerumani kiliitaka injini ipimwe ikiwa na vitu vyake vyote, kama itakavyokaa ndani ya gari. Injini ile ile ukiipima kwa SAE inaonekana na nguvu zaidi. Peugeot 404 ya kwanza, ya kabureta, iliandikwa farasi 72 kwa SAE. 404 ya injekisheni, ambayo badala ya kabureta ilisukumiwa petroli na pampu ya Kugelfischer, ilifikia farasi 96 kwa SAE. 504 ya injekisheni ya cc 1796 iliandikwa farasi 97, lakini hizo ni za DIN. Mtu akiziweka 96 na 97 kwenye mstari mmoja atasema gari zimelingana nguvu, na nimeona watu makini wakifanya hivyo. Hazilingani. 504 iko mbele kwa wazi, na ikifika injini ya cc 1971 ya injekisheni, yenye farasi 104 za DIN, 404 inabaki nyuma kabisa.

Kwa mwendo, 404 ya kabureta ilikuwa inakomea kilomita 140 na ushee kwa saa. 504 ya kabureta ilifika takribani 155, na ile ya injekisheni ya lita 2 ilivuka 170. Katika kuondoka pia 504 iko mbele, ingawa ni nzito zaidi: takribani kilo 1,200 dhidi ya 1,100 au pungufu za 404. Zile milimita 8 za pistoni unazisikia hasa mlimani. Ukiwa na mzigo, gia ya tatu ya 504 inavuta mahali ambapo kwenye 404 mkono wako umeshakwenda kwenye usukani kutafuta ya pili. (Gia za usukani, ndiyo. 404 ilikuwa nazo, na 504 za mwanzo pia. Ukizizoea huoni sababu ya kuweka fimbo sakafuni, na mbele wanakaa watu watatu.)

Hayo ndiyo ya juu. Sasa tuingie chini.

Nyuma ya 404 kuna ekseli moja iliyonyooka kutoka tairi hadi tairi, imekalia springi za kusokotwa, na imezuiwa isicheze kando kwa fimbo ya pembeni. Propela shafti imefichwa ndani ya bomba nene lililofungwa kwenye difu, kile kisanduku cha gia katikati ya ekseli, kwa hiyo nguvu ya kusukuma gari inapitia kwenye bomba hilo. Ndani ya difu hukuti kraunwili na pinioni ulizozoea. Unakuta gia iliyosokotwa mfano wa skrubu, inazungusha gurudumu la shaba nyeusi. Ni mfumo wa gharama, Peugeot waliung'ang'ania kwa miongo mingi wakati wengine walishauacha, na una tabia mbili ambazo mwenye 404 anazijua: hauna kelele kabisa, na unataka oili yake, si oili yoyote ya difu uliyoikuta dukani. Ukiupa haki yake, unadumu.

Mbele kuna strati za MacPherson, yaani springi na shokapu vikiwa nguzo moja, na hapo 404 ndiyo iliyokuwa Peugeot ya kwanza kuzitumia. Shokapu walizitengeneza Peugeot wenyewe; hawakununua kwa mtu. Hili halizungumzwi vya kutosha. Kampuni inayotengeneza shokapu zake inaweza kuioanisha springi na shokapu mpaka iridhike, na matokeo yake ni springi ndefu na laini zinazokunjika mbali bila gari kuanza kurukaruka. Ongeza tairi za 404, zenye kipenyo cha rimu cha milimita 380, yaani inchi 15, wakati 504 ilishuka hadi inchi 14. Tairi kubwa inapita juu ya shimo ambalo ndogo inaingia. Kwenye barabara ya vumbi yenye makunyanzi, 404 ukiifikisha kilomita 70 kwa saa inaanza kupita juu juu, usukani unatulia, na unaweza kuzungumza na aliyekaa nyuma bila kupaza sauti.

504 ya saluni ilibadilisha mambo. Kila tairi ya nyuma ikapewa mkono wake na springi yake, ikipanda na kushuka bila kuisumbua ya upande wa pili, na difu ikafungwa kwenye bodi. Kwa lami na kwa kona, hii ni hatua kubwa. Ukiingia kona yenye mashimo kwa 404, nyuma huweza kuhama hatua moja kuelekea nje, kwa sababu tairi moja ikiruka inaivuta na nyingine. Kwa 504 nyuma inakaa. Mwaka 1969 waandishi wa magari wa Ulaya waliichagua 504 kuwa gari la mwaka, na ukiiendesha kwenye kona unaelewa kwa nini.

Tatizo ni kwamba mikono ile ya nyuma ina mabushi, vile vipande vya mpira vya kwenye viungo, shafti mbili za pembeni zina viungo, na vyote hivyo vinalika. Kwa mwenye gari la nyumbani si neno. Kwa gari linalobeba watu kila siku kwenye njia mbaya, ni mlolongo wa spea. Peugeot waliliona hilo kabla hatujawaambia. 504 ya kubeba familia na mizigo, ile ndefu ya mlango wa nyuma, haikupewa nyuma ya saluni. Ilipewa ekseli nzima iliyonyooka, kwa mtindo wa 404, ikakalia springi nne za kusokotwa, mbili kila upande. Na mwaka 1973 wakatoa saluni ya bei nafuu, 504 L, ikiwa na injini ya cc 1796 na ekseli hiyo hiyo iliyonyooka. Waliojenga gari jipya walirudi kwa gari la zamani kuchukua mgongo wake, na ndiyo 504 ambayo Afrika iliipenda kuliko zote.

Tazama urefu kutoka tairi ya mbele hadi ya nyuma. 404 saluni ni milimita 2,650, na ile ndefu ya familia 2,840. 504 saluni ni 2,740, na ile ndefu 2,900. Ile 2,900 ndiyo iliyokuwa teksi ya masafa, kutoka Nairobi kwenda Nakuru, Kisumu au Mombasa, abiria wa nyuma kabisa wakiwa wamekunja magoti, mizigo imefungwa kwa kamba juu. Gari fupi ukilijaza hivyo nyuma inakaa, mbele inainuka, na usukani unakuwa mwepesi kwa namna ya kutisha. 504 ndefu ikijaa inazidi kutulia. Springi nne zile zilipangwa kwa mzigo. Ukiiendesha tupu inakurusha, ukiijaza inakubembeleza. Sijapanda gari jingine la enzi ile lililokuwa zuri zaidi likiwa limejaa kuliko likiwa tupu.

Nifike kwenye breki, maana kama ningelazimishwa kuchagua kitu kimoja tu cha kunifanya nichukue 504, kingekuwa hicho. 404 kwa sehemu kubwa ya maisha yake ilikuwa na dramu kwenye tairi zote nne. Diski za mbele zilikuja mwishoni. 504 saluni ilitoka na diski nne. Ile ndefu ilikuwa na diski mbele na dramu nyuma.

Anayeijua Kitonga anaelewa tofauti hii bila kuchorewa. Ukitoka Iringa kuelekea Ruaha Mbuyuni unateremka mlima wenye kona zinazojikunja, upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili bonde. Dramu ikipata moto inapanuka, inajitenga na breki shuu, na bitana yenyewe, ile ngozi ya breki, inaanza kuteleza kwa joto. Pedali inashuka zaidi kila unapoikanyaga. Harufu inaingia ndani ya gari kabla hujaelewa inatoka wapi. Dereva wa 404 aliyelelewa vizuri aliingia gia ya pili juu kabisa, kabla ya kona ya kwanza, na hakuiacha mpaka chini. Injini ndiyo iliyokuwa breki yake, na pedali aliiwekea akiba. Diski iko wazi kwa upepo, inapoa inapozunguka, na ikipanuka kwa joto inazidi kuwa nene baina ya pedi, haizikimbii. Kwa 504 bado unateremka kwa gia, ndiyo heshima ya mlima, lakini ukikanyaga unapata kile kile ulichokipata juu.

Namba ya mwendo wa juu hupimwa kwenye barabara iliyonyooka ya Ulaya. Njia ya Dar es Salaam kwenda Zambia, baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965 na mafuta ya Zambia kuanza kupitishwa huku, ilikuwa vumbi kiangazi na matope masika, malori yakipishana usiku na mchana mpaka madereva wa kigeni wakaipa jina la njia ya jehanamu. Mtu mwenye 404 miaka ile hakuuliza inafika kilomita ngapi kwa saa. Aliuliza itafika.

Jibu la kufika lilitolewa hadharani kila Pasaka. Safari Rally ilianza 1953 na kwa miaka mingi ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, takribani kilomita 5,000, kwa magari yaliyokuwa karibu sana na yale ya dukani. Mwaka 1963 mvua ilinyesha mpaka magari 7 tu ndiyo yakamaliza. Aliyeshinda ni Nick Nowicki, mzaliwa wa Poland aliyeishi Kenya, na Paddy Cliff, wakiwa na Peugeot 404. Mwaka 1968 mvua ikarudi, magari yakamaliza tena 7 tu, na walioshinda ni Nowicki na Cliff, kwa 404. Mashindano mawili magumu kuliko yote ya enzi hiyo, watu wale wale, gari lile lile. Katikati yake, 1966 na 1967, Bert Shankland na Chris Rothwell walishinda mfululizo kwa 404 pia. Shankland alikuwa mkazi wa Tanzania, na kwa wazee wa Dar es Salaam ushindi ule ulihesabiwa kuwa wetu. Mara nne ndani ya miaka sita. Joginder Singh aliingilia kati 1965 na Volvo, na Ford Cortina ilichukua 1964, lakini Peugeot ndiyo iliyoitawala miaka ile.

504 ilishinda Safari mara mbili. Mwaka 1975 alikuwa Ove Andersson wa Sweden, na 1978 Jean-Pierre Nicolas wa Ufaransa. Hapa sina budi kusema kinachonipinga. Gari la Andersson lilikuwa saluni, na la Nicolas lilikuwa kupe (coupé), ile ya milango miwili, yenye injini ya V6 ya cc 2664, na zote mbili nyuma yake ilikuwa ile ya mikono huru, ile niliyosema inalika. Nicolas alishinda pia Ivory Coast mwaka huo huo wa 1978 kwa kupe ya aina hiyo. Basi mikono huru inaweza kushinda Safari? Ndiyo, imeshinda. Ila timu ya kiwanda ina magari ya huduma yenye mabushi mapya, shafti mpya na mafundi wanaosubiri njiani. Mwenye teksi ya Nakuru hana. Gari la mashindano linatakiwa lidumu siku chache likiwa kwenye ukali wake wote. Teksi inatakiwa idumu miaka kumi ikiwa kwenye ukali wa wastani, na bosi wake anachelewa kununua spea. Ushahidi wa rali ninaukubali kwa 404 bila masharti, kwa sababu yake ilikuwa karibu na ya dukani. Kupe ya V6 haikuwa gari ambalo mtu wa kawaida angeweza kulinunua, na haikubeba gunia hata moja.

Dizeli nitaigusa tu. 404 ya dizeli ya cc 1948 ilikuwa ya polepole kiasi kwamba ilihitaji subira ya pekee, lakini Juni 1965 Peugeot walijenga 404 ya dizeli ya kiti kimoja, wakaipeleka kwenye uwanja wa Montlhéry karibu na Paris, ikazunguka usiku na mchana kwa wastani wa kilomita 160 kwa saa na kuvunja rekodi 40. 504 iliendeleza dizeli hizo hadi cc 2304. Kwa matumizi ya mafuta zilikuwa nzuri sana, na 504 ndefu ya dizeli ndiyo iliyowapa wengi riziki. Kwa kupanda mlima na mzigo, petroli ilikuwa bora.

504 iliunganishwa Kenya kwa miaka mingi, ikaendelea hata baada ya Ufaransa kuacha saluni zake mwaka 1983. Dunia nzima zilitengenezwa zaidi ya 504 milioni 3, na 404 karibu milioni 2.9. Kisha zikaja Toyota zilizotumika kutoka Japani, za bei ndogo na spea tele, na Hiace ikawachukua abiria wote. Sina kinyongo na Hiace. Lakini njia ya kuketi abiria kwa heshima iliondoka na 504.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. 404 ni gari lililotengenezwa vizuri zaidi kwa wakati wake: difu, springi, shokapu na injini vyote vilikuwa mbele ya washindani kwa hatua kadhaa. 504 ndefu ndiyo gari bora la kutumia, kwa sababu ilichukua ekseli ya 404, ikaipa springi mbili zaidi nyuma, ikaipa diski mbele na milimita 8 za pistoni. 504 saluni ya mikono huru ni tamu kuliko zote kuiendesha, na ndiyo ninayoiweka ya mwisho kwa njia zetu.

Kama kuna anayefikiria kuinunua mojawapo leo, ziko chache bado, nyingine zimelala nyuma ya nyumba za watu zikiwa na kuku ndani. Usianze na injini. Laina na pistoni utazipata. Anza na kutu. Kwa 404 ingiza mkono chini ya vizingiti vya milango na pale juu ambapo strati za mbele zimeshika bodi, kwa kuwa pakioza pale gari limekwisha. Kwa 504 saluni tazama fremu ya nyuma inayoshika mikono na difu, na ushike tairi ya nyuma ikiwa juu ya jeki, uitikise: ikicheza, hesabu bei ya mabushi na viungo vya shafti kabla ya kutoa ofa. Fungua tundu la difu ya 404, chovya kidole, na utazame oili kwenye jua. Ukiona chenga za shaba zinang'aa, mwambie mwenye gari apunguze bei au uondoke. Na ukikuta gari la injekisheni ambalo mtu ameling'oa pampu ya Kugelfischer na kulifunga kabureta, usilikatae kwa hilo. Uliza tu kama pampu yenyewe bado ipo stoo, na kama ipo, iingie kwenye mauziano.